Kinanda na Mkono wa Mpigaji

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyosafiri mbali bila ya kuondoka nyumbani ni neno kinanda. Wazee wa pwani walilitumia kwa ala ya nyuzi, ndugu wa gambusi, iliyopigwa barazani na harusini. Walipofika wamisionari na ala zao za kanisani, neno lilelile likazipokea. Ilipokuja piano, nayo ikawa kinanda. Ikaja kodiani, ikaitwa kinanda cha mkono. Ikaja mashine ya kuchezea sahani za muziki, ikaitwa kinanda cha santuri. Wenye lugha hawakuidai ala hati ya kusafiria. Waliisikiliza, wakaipa jina, wakaendelea na shughuli yao.

Lakini wenye kujadili utamaduni wa taifa hawakuwa wepesi kiasi hicho, wala haikufaa wawe wepesi. Kwa miaka mingi swali limekuwa likirudi katika mikutano, magazetini na redioni: je, ala ya kigeni ikiingia katika muziki wetu, muziki huo hubaki kuwa wetu? Wapo wasemao kwamba mwacha mila ni mtumwa, na kwamba anayeweka ngoma chini ili ashike chombo cha umeme ameanza safari ya utumwa huo. Wapo wajibuo kwamba mila isiyopokea mgeni hufa kwa upweke. Pande zote mbili zina hoja, na tumezisikia mara nyingi. Katika makala haya tunapendelea kuliendea swali kwa njia nyingine, yaani kutazama historia ya ala moja ya kigeni huko huko ugenini, tuone ilipata vipi uraia miongoni mwa watu ambao hawakuiunda. Ala hiyo ni kinanda cha umeme cha Hammond, na mpigaji tutakayemfuata ni Jon Lord wa bendi ya roki ya Deep Purple ya Uingereza.

Yafaa tuanze na fundi aliyekiunda, kwa kuwa mambo aliyoyataka na mambo yaliyotokea hayakufanana hata kidogo. Laurens Hammond alizaliwa mwaka 1895 huko Evanston, karibu na jiji la Chicago, Marekani. Alikuwa mhandisi wala hakuwa mwanamuziki. Biashara yake ilikuwa ya saa, kwani alikuwa amebuni mota ndogo ya umeme iliyozunguka kwa mwendo usiobadilika. Biashara ya saa ilipodorora wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, alitafuta kazi nyingine ya kuipa mota yake. Mwaka 1932 alitengeneza hata meza ya kuchanganya karata yenyewe. Mwezi Aprili 1934 alipata hataza ya kinanda cha umeme, na mwaka 1935 vinanda vya kwanza vikaingia sokoni.

Ndani ya kinanda hicho hamkuwa na mabomba wala upepo. Mlikuwa na magurudumu madogo ya chuma, 91 kwa jumla, yaliyozungushwa na ile mota ya saa. Ukingo wa kila gurudumu ulikuwa na vinundu mfano wa meno. Mbele ya gurudumu iliwekwa sumaku iliyozungushiwa waya; kila jino lilipopita karibu na sumaku, mkondo mdogo wa umeme ulipanda na kushuka katika ule waya. Mkondo huo ukikuzwa na kupelekwa kwenye kipaza sauti ndio unaosikika kuwa sauti ya kinanda. Kwa kuwa mota haikubadili mwendo, kinanda hakikuhitaji kurekebishwa sauti. Juu ya safu za vibao vya kubonyeza palikuwa na vijiti vya kuvuta, tisa kwa kila fungu. Kila kijiti kiliongeza sauti moja nyembamba au nene juu ya ile iliyobonyezwa, na mpigaji alivivuta na kuvisukuma kama mpishi apimavyo viungo vya pilau.

Kusudi la Hammond lilikuwa wazi. Alitaka makanisa yasiyokuwa na fedha za kununua kinanda cha mabomba yapate sauti ya namna hiyo kwa sehemu ndogo ya bei. Matangazo ya kampuni yake yalijivuna mno, hata ikafika mwaka 1936 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani ikaishtaki kwa kudai kwamba kinanda chake kilitoa sauti zote za kinanda cha mabomba. Mwaka 1937, katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago, wasikilizaji waliketishwa wasikilize vinanda vya aina zote mbili bila ya kuonyeshwa kipi kinapigwa, nao mara kadhaa wakashindwa kupambanua. Hata hivyo, mwaka 1938 Tume iliiamuru kampuni iache madai hayo. Hukumu hiyo ilisema, kwa lugha ya sheria, jambo ambalo wanamuziki walikuwa wanaanza kuligundua kwa masikio: kwamba chombo hiki si nakala ya kingine. Kina sauti yake chenyewe, na ilibaki kumpata wa kuitoa.

Wa kwanza kuitoa hawakuwa watu waliofikiriwa na matangazo yale. Mwaka 1939 kanisa la Wamarekani weusi liitwalo First Church of Deliverance, mjini Chicago, lilinunua kinanda cha Hammond, na mwanamuziki Kenneth Morris akaanza kukipiga katika nyimbo za Injili. Ibada za kanisa hilo zilisikika redioni, na mtindo ukaenea. Hapo kinanda kilijifunza kazi ambayo haikuwamo katika kitabu cha maelekezo. Kilimwitikia mhubiri. Mhubiri aliposhusha sauti, nacho kilinong'ona. Alipopaza, nacho kilipanda pamoja naye, kikalia, kikasita, kikamwachia nafasi waumini waitikie. Msomaji wetu anayejua jinsi kiongozi wa ngoma na waitikiaji wanavyopokezana hahitaji kuambiwa desturi hiyo ilivuka bahari kutoka upande gani.

Kutoka kanisani kinanda kiliingia katika majumba ya muziki wa jazi. Jimmy Smith, mzaliwa wa jimbo la Pennsylvania, alijifungia na kinanda chake katika bohari mjini Philadelphia akijifundisha, na mwaka 1956 akatoa santuri yake ya kwanza. Alipiga besi kwa mkono wa kushoto na kwa miguu, na mkono wa kulia ukakimbia kama wa mpiga saksafoni. Watatu tu, yaani kinanda, gitaa na dramu, waliweza kuujaza ukumbi. Mwaka 1962, mjini Memphis, kijana Booker T. Jones alipiga kwa kinanda kidogo cha Hammond wimbo usio na maneno uitwao "Green Onions", ambao ulisikika duniani kote na kuwa moja ya nguzo za muziki wa soul.

Hapa hatuna budi kutaja mambo mawili ambayo fundi Hammond hakuyapenda. La kwanza ni mlio mdogo wa kugonga uliosikika kila kibao kilipobonyezwa. Wahandisi wake waliuona kuwa kasoro, wakahangaika kuuondoa. Wapiga jazi na bluzi waliupenda, kwa maana uliifanya kila sauti ianze na kishindo kama cha kidole kwenye ngozi ya ngoma. La pili ni kipaza sauti cha Don Leslie. Huyu alikuwa fundi wa California ambaye, mwanzoni mwa miaka ya 1940, alitengeneza sanduku lenye pembe inayozunguka, ili sauti imjie msikilizaji na kumwondokea, itetemeke na kupumua. Hammond alikataa kushirikiana naye. Wapigaji wakanunua kinanda kwa mmoja na sanduku kwa mwingine, wakaunganisha wenyewe. Leo mtu akisema "sauti ya Hammond", aghalabu ana maana ya mlio ambao mtengenezaji aliuona kuwa kasoro, pamoja na sanduku ambalo aliligomea. Mtengenezaji alitoa chombo, na sauti ikatolewa na watumiaji.

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza. Jon Lord alizaliwa tarehe 9 Juni 1941 mjini Leicester. Tangu utotoni alifundishwa piano, na muziki wa Johann Sebastian Bach ukamkaa vidoleni. Baadaye alikwenda London kusomea uigizaji, na usiku akapiga piano na vinanda katika vilabu. Siku zile vijana wa London walikuwa wakitafuta kwa bidii santuri za Wamarekani weusi, na Lord alimsikia Jimmy Smith. Alikutana pia na Graham Bond, mmoja wa Waingereza wa mwanzo kuupiga muziki wa bluzi kwa kinanda cha Hammond. Hivyo katika kijana mmoja zilikutana shule mbili: ya Bach, aliyeandikia vinanda vya mabomba vya makanisa ya Ujerumani, na ya Philadelphia na Chicago, iliyokipa kinanda cha umeme pumzi ya Kiafrika.

Hakuwa peke yake. Katika miaka ile ya 1960 vinanda vya umeme vilijaa katika bendi za vijana. Alan Price wa The Animals alitumia kinanda chepesi cha Vox Continental, kilichotengenezwa Uingereza kwa ajili ya wanamuziki wanaosafiri. Huko California Ray Manzarek wa The Doors alikitumia hicho hicho, huku mkono wake wa kushoto ukipiga besi kwenye kinanda kingine kidogo. Keith Emerson alikipindua kinanda chake jukwaani na kukichomeka visu kati ya vibao ili kiendelee kulia. Matthew Fisher wa bendi ya Procol Harum alitoa mwaka 1967, kwa Hammond, utangulizi uliotambulikana kuliko maneno ya wimbo wenyewe, "A Whiter Shade of Pale". Kwa miaka mingi jina lake halikuwamo miongoni mwa watunzi wa wimbo huo. Mwaka 2009 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, lilithibitisha kwamba naye ni mtunzi na anastahili sehemu yake. Tunaitaja kesi hii kwa sababu maalumu: sheria ilikubali kwamba mkono wa mpigaji unaweza kuwa mtunzi.

Mwaka 1968 Lord aliunda bendi ya Deep Purple pamoja na mpiga gitaa Ritchie Blackmore, mpiga dramu Ian Paice na wenzao. Kinanda alichokuja kujulikana nacho ni Hammond C-3, ambacho ndani yake hakitofautiani na B-3 ya wapiga jazi, ila sanduku lake lilizibwa kwa mbao pande zote ili miguu ya mpigaji isionekane, kama ilivyofaa kanisani. Chombo hicho, pamoja na benchi na vibao vyake vya miguu, kilikuwa na uzito wa karibu kilo 190. Kukipandisha jukwaani ilikuwa kazi ya wanaume kadhaa, na kukizungusha nchi hadi nchi ilikuwa mkosi kwa wachukuzi. Kama kazi ingekuwa ni kupata chombo chepesi tu, vyepesi vilikuwapo. Lord aling'ang'ania kizito kwa sababu ya sauti.

Lakini sauti ile ilikutana na tatizo. Gitaa la Blackmore lilipita katika vikuza sauti vya Jim Marshall, mpiga dramu na mwalimu wa dramu aliyefungua duka la ala magharibi ya London mwaka 1960 na kuanza kutengeneza vikuza sauti miaka miwili baadaye. Vikuza sauti hivyo, vilipofunguliwa mpaka mwisho, viliifanya sauti ya gitaa ikwaruze na kunguruma. Kinanda pembeni yake kilisikika kama mzee mwenye adabu katika baraza la vijana wanaopigiana kelele. Mpiga kinanda angeweza kukubali kukaa nyuma na kujaza mapengo, na wengi walikubali. Lord alichukua waya wa kinanda chake, akakiunganisha na kikuza sauti cha Marshall kile kile cha wapiga gitaa. Chombo cha kanisa kikaanza kunguruma. Katika santuri ya "Deep Purple in Rock" ya mwaka 1970 sauti hiyo imekamilika: kinanda na gitaa wanapokezana, wanagombana na kupatana kama washairi wawili katika malumbano.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitokea kwa ajali. Mwezi Desemba 1971 bendi ilikwenda Montreux, Uswisi, kurekodi katika jumba la kasino la mji huo. Tarehe 4 Desemba, wakati wa onyesho la Frank Zappa, jumba hilo liliungua. Bendi ikahamia katika Grand Hotel, iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi, wakarekodi hapo kwa mitambo iliyokuwa ndani ya gari lililoegeshwa nje. Wimbo walioutunga juu ya moto ule, "Smoke on the Water", una mdundo wa gitaa ambao hufundishwa watoto wa pande zote za dunia. Wengi hudhani wanasikia gitaa tupu. Kumbe gitaa likiisha kuanza, kinanda cha Lord hujiunga nalo, kimepita katika kikuza sauti kinachonguruma, wakienda bega kwa bega hata masikio hayatenganishi. Katika santuri hiyo hiyo, "Machine Head" ya mwaka 1972, upo wimbo wa mwendo wa kasi, "Highway Star", ambamo kinanda kinakimbia kwa ngazi za sauti za namna ya Bach. Hivyo mambo ya kale ya Ulaya na mguno wa bluzi vinakaa katika mkono mmoja, wala hakuna kilichomdhalilisha mwenzake.

Kabla ya hapo Lord alikuwa amefanya jambo ambalo linatugusa zaidi sisi tunaojadili utamaduni. Tarehe 24 Septemba 1969, katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London, ilipigwa kazi aliyoitunga kwa bendi na okestra, ikiwa na sehemu tatu. Okestra ilikuwa Royal Philharmonic, ikiongozwa na Malcolm Arnold. Baadhi ya wanamuziki wa okestra hawakupendezwa kukaa pamoja na vijana wenye nywele ndefu, na ndani ya bendi nako hawakukosekana wenye mashaka. Lakini ilipigwa, ikarekodiwa.

Mwaka 1970 hati za muziki huo zilipotea. Kurasa zote zenye nota za kila mpiga fidla, kila mpiga tarumbeta na kila mpiga ngoma zilitoweka, na kwa karibu miaka 30 kazi ile haikuweza kupigwa tena. Ndipo mtunzi kijana wa Kiholanzi, Marco de Goeij, alipoketi na kuanza kuisikiliza ile rekodi ya mwaka 1969, akitazama na picha zake, na kuandika upya alichokisikia, ala moja baada ya nyingine. Lord mwenyewe na kiongozi wa okestra Paul Mann walimsaidia kuikamilisha. Mwezi Septemba 1999, miaka 30 baadaye, katika ukumbi ule ule, Deep Purple na London Symphony Orchestra waliipiga tena. Karatasi ilikuwa imepotea, lakini kwa kuwa sauti ilihifadhiwa, na kwa kuwa alipatikana mtu mwenye subira ya kusikiliza, kazi haikufa.

Lord aliondoka katika bendi mwaka 2002, na nafasi yake ikachukuliwa na Don Airey. Katika miaka yake alitumia pia piano za umeme na mitambo mipya ya kuunda sauti, lakini kiti chake kilibaki mbele ya Hammond. Alifariki London tarehe 16 Julai 2012. Viwanda vilikuwa vimeacha kutengeneza vinanda vya magurudumu tangu katikati ya miaka ya 1970, na sauti yao imekuwa ikiigwa na vyombo vidogo vya elektroniki ambavyo mtoto anaweza kuvibeba. Katika kuiiga, mafundi hao hawakuusahau ule mlio wa kugonga ambao Hammond alitaka kuuondoa.

Tukirejea nyumbani tunakuta kwamba mwaka ule ule wa 1969, wakati Lord anaketi mbele ya okestra, mjadala wa ala na muziki wa kigeni ulikuwa umewaka mjini Dar es Salaam. Mwezi Novemba mwaka huo muziki wa soul ulipigwa marufuku katika majumba ya dansi ya jiji hilo, na barua za wasomaji zikajibizana magazetini. Wengine walisema soul ni uchafu wa kigeni unaowapotosha vijana. Wengine waliuliza kwa nini uzuiwe muziki wa watu weusi wa Marekani wanaopigania haki zao, ilhali dansi nyingine za Kizungu ziliendelea. Hatuandiki haya ili kuwacheka waliokuwa na hofu. Taifa lilikuwa na miaka michache tu tangu lipate uhuru wake, na mkoloni alikuwa amewafundisha wengi kuionea haya ngoma ya mama yao. Hofu yao ilikuwa na sababu. Ila sasa, kwa kuitazama safari ya kinanda, tunaweza kuuliza kwa usahihi zaidi ni kitu gani hasa kilichostahili kuogopwa.

Tuichukue taarab. Katika zama za Sultani Barghash, aliyetawala Unguja toka mwaka 1870 hadi 1888, muziki huu uliletwa kutoka Misri pamoja na ala zake. Kikundi cha Ikhwani Safaa kiliundwa Unguja mwaka 1905. Udi, kanuni, nai na fidla, na baadaye kodiani, zote zilikuwa mgeni. Lakini Siti binti Saad, mwana wa mfinyanzi, aliimba kwa Kiswahili juu ya mambo ya watu wa mitaani, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi. Leo nani atathubutu kusema kwamba muziki wa Siti si wetu kwa sababu fidla ilichongwa Ulaya? Ala zilikuwa ngeni. Mkono, ulimi na masikio vilikuwa vya hapa. Siti aliifanyia fidla jambo lile lile ambalo kanisa la Chicago liliifanyia Hammond.

Kuanzia miaka ya 1990, hata hivyo, taarab iliingia mlango mwingine. Kinanda cha elektroniki kilichukua mahali palipokuwa pa safu nzima ya wapigaji. Kidole kimoja kinabonyeza fidla kumi ambazo hazina wapiga fidla; kitufe kimoja kinatoa mdundo uliopangwa kiwandani, na mdundo huo ni ule ule Unguja, Mombasa na Jakarta. Wasanii walipata unafuu wa gharama, na nyimbo nyingi nzuri zilitoka kwa njia hiyo. Lakini wazee waliolalamika kwamba kuna kitu kimepungua hawakuwa wanaota. Wapiga fidla walikosa kazi, na kijana asiyemwona mpiga fidla hawezi kutamani kuwa mmoja.

Ni katika kulinganisha mambo haya mawili ndipo tunapoliona jibu letu. Jon Lord alikuwa na chombo cha kigeni kwake, kilichoundwa Marekani, kikafundishwa kuimba na watu weusi, kikangurumishwa na kikuza sauti cha mpiga dramu wa London. Hakukitumia ili kuifukuza okestra. Alikileta mbele yake, wakapiga pamoja watu wengi kuliko mwanzo. Wala hakukubali sauti aliyoikuta ndani ya sanduku. Alikipinda chombo mpaka kikasema alilotaka kusema. Ala ya kigeni basi haimfanyi mtu kuwa mtumwa kwa sababu ya ugeni wake. Utumwa huanza pale mpigaji anapoipokea ala na kila kilichopangwa ndani yake, akabonyeza kitufe, akaketi kuisikiliza ikipiga kwa niaba yake.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza kinanda kimetoka wapi, yatupasa tuulize maswali mengine tunapokutana nacho jukwaani au kanisani. Je, kimeongeza mikono katika muziki wetu, au kimeipunguza? Je, kijana anayekipiga anaijua ngoma ya kwao, mizani za tungo na maghani ya nyanya yake, kiasi cha kuwa na kitu cha kukiambia kinanda? Na je, tunazihifadhi sauti zetu? Mholanzi yule aliweza kuifufua kazi ya Lord kwa sababu rekodi ilikuwapo na ilisikika. Kanda za dansi na taarab zilizorekodiwa na redio zetu na vikundi vyetu tangu kabla ya uhuru zitatumika vivyo hivyo siku moja, endapo hazitaachwa zikaliwa na joto na vumbi. Kazi hiyo inahitaji mahali pakavu, mitambo ya kunakili, na mtu mwenye subira ya kusikiliza.

Waliolipokea neno kinanda kwa gambusi, kwa piano na kwa kodiani hawakupungukiwa na Uswahili wao. Walijua kwamba chombo kikishaingia ndani ya nyumba hufuata desturi za mwenye nyumba, maadamu mwenye nyumba yupo na anazijua desturi zake.